Mtani Wangu Aliniita Mwizi Mbele ya Watu, Nikacheka

Mpendwa Shangazi Mwaisha,

Shikamoo. Naomba msaada wako, lakini kabla sijaomba inabidi nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama yangu, si padri, si rafiki: sura ya saba ya kitabu changu sikuiandika mimi.

Sentensi hiyo nimeiandika mara nne nikaichana, hii ya tano naiacha, maana nikiichana tena sitakuandikia kamwe.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza Kidato cha Sita mwaka huu, nakaa Morogoro mjini na mama yangu ambaye ni karani wa serikali, na nina aibu sana, ile ya kuvuka barabara nikimwona mwalimu wangu kwa mbali ili nisije nikamsalimia vibaya. Kwenye kuandika tu ndiko sina aibu. Nikiwa Kidato cha Tano nilipeleka mswada kwa mchapishaji aliyekuwa anatafuta riwaya za wanafunzi, ukachaguliwa, kitabu kikatoka mwezi uleule niliomaliza mitihani, na tangu hapo nimekuwa kwenye ziara ya kukitangaza, jambo ambalo hakuna aliyeniambia kwamba waandishi hulifanya, mimi nilidhani mtu akishaandika anaachwa nyumbani.

Mchapishaji ametupatia pikapu, na anayeendesha ndiye pia anayeuza vitabu, kaka mmoja anaitwa Abel, mchangamfu mno, ambaye amefunga ubavuni mwa gari bango lenye uso wangu mkubwa kuliko gurudumu, kwa hiyo kila tunapopita watu wanalitazama bango kisha wanachungulia ndani kuniona mimi nimeinama. Siku ya kwanza, pale mjini, walikuja watu saba, na watatu kati yao walikuwa wanasubiri mvua ikatike. Nilisoma nimekiweka kitabu usoni mwanzo hadi mwisho, na Abel akaniambia, "Mdogo wangu, umesoma vizuri, ila watu wamesomewa na kitabu chenye miguu." Lakini tulivyozidi kwenda watu waliongezeka, na tulipofika kampasi ya Mazimbu ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani, kwa sababu habari za sura ya saba zilikuwa zimeshatangulia. Kila mahali wanaomba hiyohiyo. "Dada, tusomee ile ya tranka."

Nikueleze iliyomo. Mama mmoja anamsindikiza binti yake anayekwenda kuanza shule ya bweni, amebeba tranka la bati kichwani kutoka juu mlimani hadi barabarani, na kila wanapopumzika analifungua na kuongeza kitu chake mwenyewe, kwanza kitana chake, kisha kipande cha sabuni, kisha kanga aliyojitanda, mwishoni kandambili alizovaa, hivi kwamba kadiri wanavyoteremka tranka linazidi kuwa zito na mama anazidi kubaki hana kitu, na gari linapoondoka yuko pekupeku kwenye kokoto anapunga mkono. Ndiyo yote. Hakuna anayekufa wala anayelia mle ndani, lakini ukumbini wanalia. Na jambo moja linanitisha, Shangazi. Nikisoma sura nyingine zote sauti yangu hutetemeka, nikisoma hii haitetemeki hata kidogo, na nadhani ni kwa sababu si yangu, kwa hiyo sina cha kuonea aibu.

Aliiandika Upendo. Tulikuwa Kidato cha Tatu, tulilala kitanda kimoja cha juu na chini, na tulianza riwaya kwenye kauntabuku, lile daftari kubwa la jalada gumu, mimi sura moja juma hili, yeye sura moja juma lijalo. Tulilivika karatasi ya kaki tukaandika JIOGRAFIA, na darasa zima walilisoma kwa kupokezana nyuma ya jiko wakati wa uji. Kisha mama yake alianguka shambani kwenye mteremko akavunjika nyonga, na kwa kuwa Upendo ndiye binti pekee wakaja kumchukua. Kabla ya kuondoka alilisukuma lile kauntabuku chini ya godoro langu akasema, "Litunze hadi nirudi. Na usiandike zamu yangu." Hakurudi. Nami zamu yake sikuiandika, Shangazi, niliichukua.

Sura nne zilikuwa zake. Tatu nilizibadilisha majina, mahali na mpangilio mpaka nikajiambia sasa ni zangu. Ya saba kila neno nililoligusa liliharibika, nikainakili ilivyo. Kwenye ukurasa wa shukrani niliwataja watu kumi na mmoja, nikaandika jina lake, nikalifuta kwa kuogopa kuulizwa, halafu nikamalizia na "wote walionisaidia kwa namna moja au nyingine".

Pale Mazimbu mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Ulijuaje kwamba kandambili ndizo angezitoa mwisho?" nami nikajibu bila hata kufikiri, "Nilimwona mama yangu." Mama yangu alikuwa amekaa mstari wa pili. Mimi shuleni nilipelekwa na bajaji. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Mimi tranka nililibeba lini, we mtoto?" Nikamwambia, "Ni hadithi tu, mama." Akasema, "Hadithi nimeielewa. Nauliza ulichojibu baada ya hadithi." Hakurudia swali, lakini tangu siku hiyo ananitazama kama mtu anayesubiri chai ipoe.

Sasa nifike Mkuyuni, ambako ndiko kulikonifanya nikuandikie. Asili yetu na asili ya Upendo ni Kinole, na kwetu Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na ukoo wa mama yake na ukoo wa mama yangu ni watani tangu zamani. Mtani wako anaweza kukutukana msibani, anaweza kukuvua kofia sokoni akaondoka nayo, nawe huruhusiwi kununa, ukinuna unatozwa kuku. Tulifika siku ya gulio, soko la kila juma, Abel akapanga vitabu juu ya meza chini ya bango langu, na nilipomaliza tu sura ya saba nikasikia sauti kutoka kwa wauza mananasi.

"Mwizi huyo! Mshikeni!"

Alikuwa Upendo, miaka minne sijamwona, amejifunga kanga kiunoni, kisu cha kumenyea mkononi, anacheka.

Abel aliruka kutoka kwenye maboksi. "Kuna nini? Nani kaibiwa?"

Mzee mmoja akamshika mkono. "Tulia, kijana. Hao watani hao. Waache waumane."

"Nimeibiwa mimi!" Upendo akasema, anawageukia watu. "Mtani wangu kaniibia maneno, mchana kweupe, kayatia kwenye karatasi, na sasa anawauzia nyie! Na picha kapiga! Tazameni shavu lilivyonona kwa maneno yangu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika tumbo. Wote walikuwa wananitazama mimi, maana mtani akisema lazima ajibiwe, na mimi ambaye siwezi kumjibu hata kondakta, siku hiyo mdomo wangu ulifunguka. Nikasema kwa sauti, "Maneno yako nani angeyanunua, mtani? Rudi kwenye mananasi yako, nzi wanakusubiri!"

Gulio zima lilipiga kelele. Abel alinipiga begani kwa furaha, akasema leo ndiyo mara ya kwanza kunisikia nikiongea kama mtu. Upendo naye alicheka. Kisha akaja mezani, akakichukua kitabu, akafunua ile sura, akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, bila kucheka, na aliposema alisema kwa sauti ya kunitosha mimi peke yangu.

"Umeruka mvua."

Kwenye kauntabuku, kabla ya kandambili, mvua inanyesha na mama anavua gauni la juu analifunika tranka badala ya kujifunika mwenyewe. Mhariri alisema inarefusha. Nikamwambia, "Waliitoa wao."

"Mvua ilikuwepo," akasema. "Mama aliugua wiki nzima." Akafunga kitabu, akaweka nanasi moja juu yake, akasema kwa sauti kubwa tena, "Haya, uza, mtani!" akarudi kwenye biashara yake. Nanasi hilo Abel alilila njiani, akasema halijawahi kutokea tamu kama lile. Mimi lilinishinda.

Mpaka siku hiyo sikujua kwamba ilikuwa kweli. Nilidhani ameitunga.

Na kituo cha mwisho cha ziara ni Kinole, Shangazi, Jumapili ya tatu kutoka leo, baada ya misa, kwenye ukumbi wa kanisa. Abel amekwisha kuwatangazia kwamba nitasoma ya tranka. Mama yake Upendo anatembea kwa mkongojo sasa lakini misa hakosi, na hajui kusoma, kwa hiyo atakaa pale asikie kwa mara ya kwanza kitana chake na sabuni yake na kanga yake vikitoka mdomoni mwangu, na watu watamsifu mama yangu. Abel pia ameniambia kitabu kitachapwa mara ya pili na kama nina masahihisho niyapeleke mwisho wa mwezi.

Nimefikiria kujifanya sauti imekauka. Nimefikiria kusoma sura nyingine. Nimefikiria kumpelekea Upendo zawadi nzuri bila kusema ni ya nini. Na siku nyingine nafikiri labda nimeshasamehewa, kwa sababu alinitania, na mtu hamtanii mtu anayemchukia, na kwetu jambo likishasemwa kwa utani halidaiwi tena. Je, si kweli? Kama amecheka na mimi nimecheka, limebaki nini?

Nakuomba sana usichape jina langu, wala la kitabu, wala la shule. Nimekuambia wewe kwa sababu hunijui. Nakuomba siri hii ibaki kati yetu wawili, tafadhali, Shangazi, isitoke.

Ni mimi binti yako,
Morogoro

MAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Jina lako sikulichapa, wala la kitabu, wala la shule, na vijiji nimevihamisha ili usinyooshewe kidole. Umeniandikia kurasa sita kwa mkono, nami nimezisoma hadi mwisho wakati uji wangu unaungua jikoni. Nakuambia hilo mapema kwa sababu nitakugombeza, na sitaki ukigombezwa uamue kwamba hujui kuandika. Unajua. Ndiyo maana sioni sababu ya wewe kuvaa gauni la mwenzio.

Tuanze na hesabu. Umeanza barua kwa kuungama sura moja. Huku katikati, umepitisha haraka kama mtu anayeficha sahani iliyovunjika, ziko nne. Kubadili majina na mahali hakukuzifanya zako. Ukiungama kwa Upendo ungama nne, maana yeye anajua idadi, na ukitaja moja ataelewa kwamba bado unaiba.

Sasa hili la utani, ambalo ndilo unalojificha nyuma yake. Unaniuliza kama kucheka kwake ni msamaha. Hapana. Mfikirie msichana yule. Yuko sokoni, kisu mkononi, anakusikia ukisoma maisha ya mama yake chini ya bango lenye sura yako. Angeweza kukushtaki kwa yule kaka yako Abel. Angeweza kwenda nyumbani kulichukua daftari lolote lenye mwandiko wake, akarudi nalo mezani. Badala yake alitafuta namna pekee ya kukuambia ukweli mbele za watu bila kukuvunja, na namna hiyo ni utani. Alikufungulia mlango mpana kabisa. Ungeweza hata kuingia kwa utani huohuo. Ungesema, "Kweli nimeiba, mtani, njoo uchukue chako," watu wangecheka vilevile, na yeye angejua. Wewe ukamtajia nzi.

Hilo ndilo linalonisumbua kuliko sura zote nne. Ulipozichukua sura hizo ulikuwa na miaka kumi na saba, ulikuwa peke yako, na uliyatamani maneno mazuri, naweza kukuelewa. Lakini pale sokoni ulijua. Na kwa mara ya kwanza maishani mwako aibu ilikutoka, ukaitumia siku hiyo kumdogosha mtu aliyekaa shambani kumuuguza mama yake wakati wewe unamaliza shule.

Hata hivyo alikuachia nanasi. Na akakuambia kuhusu mvua. Mtu aliyekukatia tamaa hakusahihishii kazi, binti yangu. Yule bado ni mwandishi mwenzio, na bado anangoja zamu yake ifike.

Basi fanya hivi. Kabla ya hiyo Jumapili, tena siku isiyo ya gulio, panda Kinole. Usiende na gari lenye bango, wala na Abel. Chukua lile kauntabuku, ambalo naamini unalo bado, kwa sababu usingekumbuka maneno ya karatasi ya kaki kama ungelitupa. Msalimie mama yake kwanza, kaa, uliza hali ya nyonga, usikimbilie shida yako. Kisha mwombe Upendo mtoke nje, umpe daftari mikononi, umwambie: nilichukua sura zako nne, nikasema ni zangu, na siku uliponiambia nikakutukana. Useme hivyohivyo, usiongeze "kwa namna moja au nyingine". Upendo hakuwa namna moja au nyingine. Na ukisikia unataka kulia, jizuie, maana ukilia wewe itabidi akubembeleze yeye, na hiyo itakuwa kazi nyingine unayomtwisha. Zawadi ya kimyakimya sahau kabisa. Huko ni kumnunua.

Halafu muulize anataka nini, na unyamaze. Anaweza kutaka jina lake juu ya jalada pamoja na lako. Anaweza kutaka haki yake ya malipo, na ni haki. Anaweza kutaka sura ziondolewe zote, kitabu kibaki kama kilicholiwa na panya. Anaweza kutaka uondoke kwenye uwanja wao usirudi. Lolote atakalochagua, hilo ndilo utakalomwandikia mchapishaji wako, kwa barua uliyoisaini, kabla ya mwisho wa mwezi. Unasema wanasubiri masahihisho. Hayo ndiyo masahihisho. Watakasirika, na pengine ziara itasimama na bango litashushwa. Hutakufa. Kama Upendo ataridhia sura ibaki, mvua irudishwe, na mhariri akisema inarefusha mwambie mama mmoja aliugua wiki nzima kwa urefu huo.

Kuhusu Jumapili yenyewe. Usijifanye sauti imekauka. Umeshadanganya vya kutosha kwa mdomo mzima. Kama Upendo atakubali, asimame aisome yeye, wewe ukae mstari wa mbele na vitabu mapajani. Kama hatakubali kusimama lakini akakuruhusu, isome wewe, na kabla ya neno la kwanza utaje aliyeiandika na mama aliyeibeba ile njia, mama huyo akiwa ameshaambiwa nyumbani kwake, asije akashtukizwa ukumbini. Kama atakataa yote, waambie watu kwamba sura wanayoingoja si yako na mwenyewe hajakupa ruhusa, kisha soma moja uliyoiandika kwa mkono wako. Sauti itatetemeka. Iache itetemeke. Umeniambia mwenyewe kwamba zako ndizo zinazokutetemesha, kwa hiyo angalau watajua wanasikia nani.

Na mama yako mwambie leo, kabla gazeti hili halijafika mezani kwake. Ameshakuuliza mara moja, na akina mama wa namna yake hawaulizi mara ya pili, hukaa tu wakingoja. Usimwache asome kwangu jambo alilopaswa kulisikia kwako.

La mwisho ni hiyo siri. Umeniomba ibaki kati yetu wawili. Haikuwahi kuwa ya watu wawili. Tangu kitabu kimetoka yuko wa tatu anayeijua kuliko mimi, na ameisema kwa utani tu, kwa heshima ambayo hukumwomba. Jina lako nimelificha kwa sababu umeniomba. La kwake nimelazimika kulibadili bila kumuuliza, Upendo nimempa mimi, sivyo alivyobatizwa. Hii sasa ni mara ya pili jina lake linaondolewa kwenye habari yake mwenyewe, ya kwanza na wewe, ya pili na mimi. Jumapili ya Kinole isiwe ya tatu.

Shangazi Mwaisha